Huyu Siye: kisa cha mchoraji, mjane na mbwa aliyekwisha kufa

Kabla ya kisa

Mimi ni fundi fremu, Dar es Salaam. Sichori hata paka. Lakini wachoraji wengi wa picha za kuagizwa upande wetu wa jiji hupita mezani kwangu, na ugomvi wao na wateja mara nyingi huishia hapohapo, kwa kuwa fremu ndiyo hatua ya mwisho kabla pesa haijatoka. Kisa hiki nilikiona kwa macho yangu, na sehemu yake niliingia mwenyewe. Mchoraji na mteja wote wameridhia nikiandike. Majina hayamo, mtaa haumo, na alama moja ya mwili wa mbwa nimeibadilisha kwa sababu majirani wangemtambua. Bei na saa za kazi nimezitoa kwenye daftari la mchoraji kama zilivyo.

Mchoraji, mteja na mbwa

Mchoraji ana miaka arobaini na kitu. Alijifunza Tingatinga kwa mjomba wake, kwa mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968: kipande cha hadibodi cha mraba, rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, na mnyama anayejaza ubao mzima. Mzee Tingatinga alifariki 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, lakini kazi ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa ndugu na wanafunzi wake, na mpaka leo hurithishwa hivyo hivyo. Huyu wetu alichora twiga, tembo na kanga wa kuuzia watalii kwa zaidi ya miaka kumi na tano.

Mwaka 2020 watalii walipoadimika, mgeni mmoja aliyekuwa anafungasha kurudi kwao Ulaya akamwomba amchoree mbwa wake. Mchoro mmoja ukalipa pesa ya twiga kumi. Mgeni akawaambia wenzake, na kazi zikaanza kujileta. Miaka miwili baadaye, mbwa ndio waliokuwa wanalipa ada za watoto.

Kuna jambo ambalo nisipolieleza mapema, yanayofuata hayataeleweka. Mchoraji ni Mwislamu, mtoto wa mwambao, Shafii kama wengi wa huko. Kwao mate ya mbwa ni najisi. Yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mama yake alipoisikia kazi mpya alimkumbusha hadithi isemayo malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala picha. "Wewe mwanangu umeviunga vyote viwili," alimwambia. Alicheka, ila akapangisha kibanda cha bati mbali na nyumbani, na kazi zote zikawa zinalala huko. Mbwa wenyewe hakuwaendea. Alitumiwa picha kwenye simu, akachora. Kati ya mbwa thelathini na mmoja aliokuwa amewachora kufikia siku ya kisa hiki, aliowahi kuwaona hai walikuwa wanne, tena akiwa nje ya geti.

Mteja ni mama mjane, mtumishi mstaafu. Mbwa alikuwa wa marehemu mumewe: Jamani shepadi aliyechanganyika na mbwa wa kienyeji, mweusi mgongoni, kahawia miguuni. Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya bwana wake, akafa akiwa na miaka kumi na moja. Mama hakuwa mtu wa mbwa, na hasemi vinginevyo; miaka yote alilalamikia manyoya kwenye zulia. Alishangaa mwenyewe alipojikuta anauliza watu nani anachora mbwa.

Makubaliano ya dakika kumi

Waliongea kwa simu. Shikamoo, marahaba, pole na msiba, kisha bei: shilingi 500,000, nusu mwanzo na nusu siku ya kukabidhi, wiki tatu. Ukubwa ulikuwa sentimita 60 kwa 60, kwa sababu moja tu: mchoraji alikuwa na mbao za mraba zilizokatwa tayari tangu enzi za twiga. Pesa ya kwanza, 250,000, iliingia kwenye simu jioni ile ile. Hakuna aliyeuliza itakuwaje mteja asipoipenda kazi. Hakuna aliyeandika chochote.

Mama alituma picha sita kwa WhatsApp. Nne mbwa alikuwa kwa mbali, amelala miguuni pa mzee. Moja ilikuwa na ukungu. Ya sita ilikuwa safi: uso wa mbwa umejaa kioo cha simu, anatazama juu, macho yamefunguka, masikio yamerudi nyuma kidogo. Mchoraji akaichagua hiyo bila kufikiri mara mbili, na hata mimi ningeichagua. Hapo ndipo palipoharibika, ingawa ilituchukua wiki sita kujua.

Toleo la kwanza

Alichora miraba juu ya picha, akaihamishia kwenye ubao. Msingi aliupiga kwa akriliki, inayokauka haraka, kisha juu akaja na rangi ya mafuta. Utaratibu huo alijifundisha mwenyewe baada ya kuona rangi ya baiskeli haifai kwa manyoya: inashika upesi mno, huwezi kuyeyusha kahawia ndani ya nyeusi ikiwa bado mbichi. Twiga hadai hilo. Twiga anataka mstari mkavu na doa safi. Manyoya ya shingo ya shepadi yanataka brashi nyembamba, rangi kidogo, na subira ya mshona darizi.

Saa 22. Kazi ilikuwa nzuri, nasema hivyo nikiwa nimeona nyingi. Unyevu wa pua ungedhani ukiugusa kidole kitalowa.

Mchoraji alipoitoa kwenye gazeti sebuleni kwa mama, mama alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Ni mbwa mzuri, baba. Lakini huyu siye." Mjukuu wa miaka saba aliyekuwa pembeni akamalizia: "Huyu ni wa polisi."

Uamuzi wa kwanza: kujitetea

Mchoraji alitoa simu, akaiweka kando ya mchoro, akaonyesha: jicho hili hapa, sikio hili hapa, doa hili hapa. Kila kitu kililingana. Kwa nini alifanya hivyo? Kwa sababu katika ufundi wake wa awali hakuwahi kukutana na swali hili. Twiga wa Tingatinga si twiga wa mtu. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba siye. Ushahidi pekee aliokuwa nao ulikuwa ile picha, akaushika kama risiti.

Mama aliona anaambiwa hamjui mbwa aliyeishi naye miaka kumi na moja. Hakugomba. Alisema tu, "Basi acha nifikirie," na mchoraji mzoefu anajua maana yake: nusu ya pili haiji.

Uamuzi wa pili: kurekebisha

Akampigia baada ya siku mbili, akauliza kosa liko wapi. Mama akajibu: labda pua ni kubwa, labda macho makali. Mchoraji akaurudisha ubao kibandani, akapunguza pua, akalainisha macho, akaongeza nukta ya mwanga kwenye mboni. Saa 9, bila malipo.

Kuhusu pua mama alikuwa sahihi, na sababu inajulikana. Simu ikisogezwa karibu na uso, kilicho mbele hukua na cha nyuma husinyaa. Mbwa mwenye pua ndefu huumizwa na hilo kuliko binadamu. Masikio ya picha ile yalikuwa madogo kuliko ya kweli, na fuvu limebanwa. Mpiga picha mzuri angerudi nyuma hatua mbili, ndipo avute. Macho nayo yalikuwa na mng'ao wa kijani hafifu kutokana na taa ya simu, kwa kuwa mbwa ana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha mwanga, na mchoraji alikuwa ameuchora mng'ao huo kwa uaminifu wote.

Kwa hiyo marekebisho yalikuwa ya haki. Na toleo hilo lilikataliwa pia. "Sasa amekuwa mtoto," mama alisema, na safari hii machozi yalimlengalenga.

Meza ya fremu

Akaniletea ubao nimpigie fremu kwa mkopo, akiamini fremu ya mninga ingemlainisha mteja. Imani hiyo ni ya kawaida. Fremu humaliza wasiwasi mdogo. Kwa mtu anayesema siye, inazidisha hasira, maana sasa unamuuzia mgeni aliyevaa suti.

Nikamwuliza maswali ya kifundi tu: itakaa ukuta gani, mwanga unatokea wapi, na nani alipiga picha hii. Hilo la mwisho niliuliza kwa sababu huwa naandika jina la mpiga picha nyuma ya fremu. Hakujua. Akampigia mama palepale, simu ikiwa wazi mezani, katikati ya vumbi la mbao.

"Alipiga marehemu," mama akasema. "Nani mwingine? Mbwa yule hakuwa anamtazama mtu mwingine usoni."

Tukanyamaza wote watatu. Mchoraji akasema, "Mama, naomba nije kwako kesho. Siji na mchoro."

Uamuzi wa tatu: kwenda

Nilimpa njia mbili: arudishe 250,000 na kupoteza mteja mmoja, au aende akajue mama alikuwa anamwona mbwa gani. Kurudisha pesa kulikuwa rahisi zaidi, ila sehemu ilikwisha kuliwa na ada ya shule. Nasema hivi kwa sababu visa vingi vya aina hii huandikwa kana kwamba msanii aliongozwa na moyo tu.

Alikwenda mara mbili. Mama alikuwa na maneno machache. Aliyekuwa na habari ni mlinzi wa usiku, mzee aliyekuwa anamlisha mbwa dagaa na ugali kila jioni. Mzee alimwonyesha mahali mbwa alipokuwa analala: pembe ya kibaraza ambapo sakafu ya saruji imelainika ikawa na mng'ao. Akamwonyesha alivyokuwa anakaa, ubavu mmoja chini, kwa sababu nyonga ilimsumbua uzeeni, kama shepadi wengi. Ncha ya sikio la kushoto ilikuwa imelala. Gari la bwana wake likiingia mtaani, kabla binadamu hajasikia kitu, sikio la kulia lilisimama na kichwa kikageukia geti. Baada ya bwana huyo kufariki, alisema mlinzi, mbwa aliendelea kukaa hivyo kila saa kumi na mbili jioni. Mama alikuwa akimwona kutoka dirisha la jikoni. Kwa ubavu. Kwa mwaka mzima na zaidi.

Kwenye simu ya mlinzi kulikuwa na video ya sekunde 14, chafu, ya jioni. Ndiyo iliyotumika.

Siku ya pili jirani alikuja na mbwa wake, jike wa jamii ileile. Mchoraji akakaa chini naye kwenye kibaraza kupima urefu wa shingo kwa kamba. Mbwa akamlamba kiganja. Alinisimulia alivyokwenda bombani akaosha mara saba, na mlinzi, Mkristo wa bara, akamchotea udongo kwenye kifuniko cha ndoo bila kuulizwa.

Toleo la pili, kwa masharti mapya

Safari hii aliandika ujumbe wa WhatsApp, mistari sita, nami niliusoma kabla haujatumwa. Kazi mpya, nyongeza ya shilingi 200,000. Rasimu ya mkaa kwanza; mama aikubali au aikatae kabla rangi haijafunguliwa. Marekebisho mawili bure kwenye rasimu, moja dogo kwenye rangi, zaidi ya hapo kwa malipo. Mama akajibu, "Sawa, mwanangu. Ungenieleza hivi tangu mwanzo ningekuelewa."

Rasimu ilikuwa ya mbwa kwa ubavu, ameketi, uso unaonekana nusu, sikio moja juu. Mama alirekebisha kitu kimoja: mkia uzunguke mguu wa nyuma. Ubao ulikuwa wa kulala, sentimita 50 kwa 70, kwa sababu sasa kulikuwa na kibaraza na kipande cha geti. Saa 26.

Matokeo

Mama alipoona hakusema kitu. Aliufunga mlango wa jikoni uliokuwa unapiga mwanga kwenye mchoro, akarudi, akalipa 450,000 yote kwa mkupuo. Mjukuu akauliza kwa nini mbwa hageuki.

Hesabu ya daftari: mapato 700,000, rangi, mbao na vanishi 95,000, bajaji 40,000. Imebaki 565,000 kwa saa 64, ukijumlisha saa saba za kwenda kwa mteja, yaani kama 8,800 kwa saa. Kama kazi ya kwanza ingekubaliwa siku ile ile, angepata takriban 17,400 kwa saa. Kibiashara, kisa hiki ni hasara nusu. Tangu hapo, hata hivyo, mama ameleta wateja watatu, wote Watanzania, soko ambalo mchoraji alikuwa anaamini halipo.

Uchambuzi

Makubaliano ya mdomo ndiyo kosa linaloonekana haraka, na sitalikawiza. Mchoraji wa kuagizwa asiyesema idadi ya marekebisho ameahidi marekebisho yasiyo na mwisho. Mistari sita ya ujumbe ilitosha, hakuhitajika wakili.

Kosa lenye mafunzo zaidi ni swali "kosa liko wapi?" Ukimwuliza mteja kosa liko wapi, atakutajia mahali, maana umemwomba mahali. Mama alitaja pua na macho kwa adabu tu. Hakuwa na njia ya kusema kwamba mtazamo mzima si wake. Mbwa aliyemwangalia kutoka ubaoni alikuwa ana sura aliyomtunzia mumewe. Miaka kumi na moja mama hakuwahi kutazamwa vile. Mchoro ulikuwa sahihi, na ulimwonyesha kitu ambacho hakikuwa chake. Ndiyo maana kulainisha macho kuliongeza tatizo: kulifanya mtazamo ule uwe wa upendo zaidi.

Siku hizi mchoraji anauliza mambo matatu kabla ya bei. Nani alipiga picha hii? Wewe ulizoea kumwona akiwa wapi? Nani mwingine alikaa naye? La tatu ndilo ninaloliona la thamani kuliko yote, kwa sababu katika nyumba zetu mwenye mbwa na mlisha mbwa mara nyingi ni watu wawili, na anayejua sikio gani limelala ni yule anayekula jikoni.

Kuna mfano mkongwe unaonisaidia kulieleza hili kwa wachoraji vijana. Wazee wetu walimjua mbwa mmoja mwenye madoa anayesikiliza gramafoni, nembo ya His Master's Voice, kampuni iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Mbwa yule aliitwa Nipper, na kabla ya kuwa wa mchoraji Francis Barraud alikuwa wa kaka yake. Alikufa 1895, na mchoro ukanunuliwa na kampuni 1899. Uso wake karibu huuoni. Unachokumbuka ni shingo iliyoinama na sikio. Barraud alichora namna mbwa anavyosikiliza, na hapo ndipo alipo. Hata yeye aliagizwa marekebisho: mashine aliyoichora mwanzo ilikuwa ya aina nyingine, kampuni ikataka afute aweke gramafoni yake. Alilipwa pauni 100, hamsini za mchoro na hamsini za haki ya kuutumia. Mgawanyo huo wa malipo wachoraji wetu wengi hawaufanyi mpaka leo. Kazi ikitoka, haki nayo inatoka bila kutajwa. Katika kisa chetu halikuleta shida. Lingeweza.

Kuhusu kujitetea kwa simu, mimi na mchoraji bado hatukubaliani. Anasema bila kuonyesha picha mama angedhani ni uzembe. Mimi nasema siku ya kufungua mchoro wa aliyekufa si siku ya ushahidi. Pokea, beba, rudi kesho. Nadhani hata leo akikutana na hali ile ataitoa simu.

Kilichofanya kazi, zaidi ya kwenda, ni rasimu ya mkaa. Mkaa hauna gharama na hauna fahari. Mama aliweza kusema mkia haukai hivyo bila kuhisi anaharibu kazi ya mtu. Mbele ya rangi iliyokauka na kung'aa angemeza neno lile.

Umebaki ubao wa kwanza. Mchoraji alitaka kuupaka nyeupe autumie tena, hadibodi ni pesa, nikamwomba auache kwangu kwanza. Miezi mitano baadaye mama alikuja kutengenezewa fremu ya picha ya harusi, akauona umeegemea ukuta. Alisimama mbele yake na mkoba mkononi. "Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa anamwangalia," alisema. Nikamwambia auchukue, hauna mwenyewe. Akakataa, ila akaniomba nisiuuze. Upo nyuma ya mlango wa karakana, umegeuziwa ukutani, kwa sababu kijana wangu wa kupiga msasa anasema mbwa yule anamtazama anapokula.